Uwezo Unakaa Wapi? Mashine Ndogo ya MIG na Mpaka wa Nguvu

Mashine ndogo ya kuchomelea ya aina ya MIG, ile inayolishwa waya kutoka kwenye gurudumu na kuchomekwa kwenye soketi ya kawaida ya nyumbani, ina mpaka wa nguvu ambao hauvukwi kwa uhodari wa fundi wala kwa ubora wa kiwanda. Mpaka huo unaanzia ukutani. Nguvu ya umeme, kwa wati, ni volti zikizidishwa kwa ampea. Marekani na Kanada, ambako mashine hizi zimeenea sana katika karakana za majumbani, soketi ya kawaida hutoa volti 120, na breka inayoilinda huwa ya ampea 15 au 20. Laini ya ampea 20 basi haiwezi kutoa zaidi ya wati 2,400. Tanzania na Kenya, ambako umeme wa nyumbani ni wa volti 230 hadi 240 na plagi ya miguu mitatu hubeba fyuzi ya ampea 13, kiasi kinachopatikana ni takriban wati 3,000. Hizo ndizo nguvu za kuingilia. Sehemu yake hupotea kama joto ndani ya transfoma au inverta kabla haijafika kwenye ncha ya waya.

Ikiwa asilimia 80 ya nguvu inafika, wati 2,400 zinabaki 1,920. Kanuni ya kimataifa inayotumika kupima mashine za MIG huchukulia kwamba volti za kuchomelea ni 14, ukiongeza 0.05 kwa kila ampea. Kwa ampea 100 hizo ni volti 19, yaani wati 1,900. Mashine ya volti 120 imemaliza akiba yake hapo hapo. Yule wa plagi ya ampea 13 anapata wati 2,400, zinazotosha ampea 120 kwa volti 20. Kasha lililoandikwa ampea 200 lingehitaji volti 24 na wati 4,800 za kutolea, ambazo zinadai wati 6,000 za kuingilia, au ampea 26 kwenye volti 230, hata kabla ya kuhesabu upotevu mwingine. Hakuna plagi ya ampea 13 inayobeba mzigo huo kwa kazi ya kuendelea. Mafundi wana kipimo chao cha haraka: chuma cha kawaida kinataka karibu ampea 40 kwa kila milimita ya unene. Ampea 120 basi zinalingana na bati nene la milimita 3, na ampea 100 hazifiki hapo.

Hesabu inaishia hapo, lakini swali haliishii hapo. Fundi anapoulizwa kama mashine yake inaweza kuchomelea chuma cha milimita 5, anaulizwa jambo ambalo wanafalsafa na wanatheolojia wamelibishania kwa zaidi ya miaka 2,300: kitu kinaposemwa kwamba kinaweza, uwezo huo unakaa wapi? Je, umo ndani ya kitu kabla hakijafanya lolote, au unazaliwa pamoja na tendo? Na mwenye kukitumia anapaswa kuwajibika kwa upi kati ya uwezo huo wa aina mbili?

Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, shule ya wanafalsafa wa Megara, mji ulio karibu na Athens, ilishikilia kwamba kitu kina uwezo pale tu kinapotenda. Asiyejenga sasa hivi hawezi kujenga. Aristotle aliwajibu katika kitabu cha tisa cha Metafizikia. Kama wasemayo ni kweli, alisema, mwashi akiketi kupumzika amepoteza ufundi wake, na akisimama tena ni lazima aelezwe ameupata wapi kwa ghafla namna hiyo. Jicho lililofumbwa litakuwa kipofu, na mtu mmoja atakuwa kipofu mara nyingi kwa siku. Kwa Aristotle uwezo ni jambo la kweli lililomo ndani ya kitu hata kikiwa kimetulia, na tendo ni kutimia kwake.

Mashine ndogo ya MIG inampa kila upande hoja. Kibao kilichobandikwa nyuma yake hakisemi ampea peke yake. Kinasema pia asilimia ya muda wa kazi, inayohesabiwa kwa vipindi vya dakika 10 katika hewa ya nyuzi 40 za Selsiasi. Ampea 100 kwa asilimia 20 maana yake ni dakika mbili za kuchomelea na dakika nane za kupoa. Fundi akiendelea dakika ya tatu na ya nne, swichi ya joto iliyomo ndani hukata, na mashine inabaki ikivuma feni bila kutoa moto. Katika dakika hizo, mashine ya ampea 100 haiwezi hata ampea moja. Mfuasi wa Megara angefurahi kuiona. Lakini Aristotle alikuwa ameliona jambo hilo mapema: alisema kwamba chenye uwezo kinaweza jambo fulani, wakati fulani, kwa namna fulani, pamoja na masharti mengine yote yanayopaswa kutajwa. Uwezo bila masharti yake ni kauli isiyokamilika. Kibao kilichoandikwa kwa uaminifu, chenye volti, ampea, asilimia na nyuzi za joto, kinatimiza agizo hilo kuliko vitabu vingi. Tangazo la dukani linaloandika tarakimu moja kubwa na kunyamaza juu ya mengine linasema uwezo ambao, kwa kipimo cha Aristotle, si uwezo wa kitu chochote.

Aristotle aliongeza jambo la pili ambalo mafundi hulijua kwa mikono. Uwezo wa kutenda unahitaji uwezo wa kutendwa. Moto unaweza kuunguza, lakini ni lazima kuwe na kitu kinachoweza kuungua. Kwa mashine ya MIG, nusu ya uwezo imo ndani ya chuma chenyewe. Bati la bodi ya gari, lenye unene usiofika milimita moja, halina mahali pa kupeleka joto. Ampea 40 zinatosha, na shida ya fundi ni kulizuia lisitoboke. Bamba la milimita 10 hulinyonya joto kutoka pande zote na kulisambaza kabla mdomo wa kiungo haujayeyuka. Aluminiamu huonyesha jambo hili kwa uwazi wa kushangaza. Inayeyuka kwenye nyuzi 660, chini ya nusu ya nyuzi 1,500 hivi za chuma, na asiyejua angedhani ni kazi nyepesi kwa mashine dhaifu. Lakini aluminiamu hupitisha joto zaidi ya mara nne kuliko chuma cha kawaida, na kipande kinene cha madini hayo laini huishinda mashine ambayo ingekimudu kipande cha chuma cha unene huo huo. Swali la kama mashine inaweza, likiulizwa bila kutaja chuma gani, halina jibu la kweli wala la uongo.

Mjadala wa Megara ulirudi kwa sura nyingine katika elimu ya Kiislamu ya akida, na huko ulikuwa mzito zaidi kwa sababu ulihusu haki ya Mungu. Wanatheolojia wa kundi la Muutazila walisema kwamba istitaa, yaani uwezo wa mja, lazima itangulie tendo. Mtu aliyeamrishwa kusali na asisali ni lazima awe aliweza kusali. Vinginevyo kumwadhibu ni dhulma. Abu al-Hasan al-Ash'ari, aliyezaliwa Basra na kufundisha mwanzoni mwa karne ya 10, alikataa. Kwake uwezo wa mja huumbwa pamoja na tendo, wala hautangulii hata kwa dakika moja, kwa kuwa hakuna kitu kinachodumu chenyewe bila kuumbwa upya na Mwenyezi Mungu. Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, wafuasi wa madhehebu ya Shafii, wamerithi akida ya mkondo huu, na maulamaa wenye asili ya Hadhramaut wana sehemu kubwa katika urithi huo.

Hata hivyo jibu linalofaa zaidi kwa karakana lilitoka Samarkand, katika shule ya Abu Mansur al-Maturidi, aliyefariki mwaka 944. Shule hiyo iligawa istitaa sehemu mbili. Ya kwanza ni uzima wa sababu, vyombo na viungo, nayo inatangulia tendo. Ya pili ni uwezo halisi unaofanya tendo litokee, nao huja na tendo lenyewe. Wajibu wa kisheria umejengwa juu ya ile ya kwanza. Hija ndiyo mfano ulio karibu: imefaradhishwa kwa anayeweza, na wanachuoni wengi waliueleza uwezo huo kuwa masurufu ya safari na kipando. Mwenye navyo amewajibika. Kama atafika Makka au atafia njiani, hilo liko katika uwezo wa pili, ambao hakuna mtu anayeuhesabu mapema.

Mgawanyo huo unaligusa swali la mashine moja kwa moja. Mashine nzima, waya safi, gesi kwenye mtungi, kebo fupi na nene, waya wa ardhi uliobanwa kwenye chuma kilichosuguliwa: hivi ni vyombo, na fundi anaweza kuvikagua kabla hajavuta kitufe. Uwezo wa pili unatokea pale waya unapogusa chuma. Wakati huo huo jirani anaweza kuwasha jiko la umeme, na volti za mtaa zikashuka. Kwa mashine za transfoma za mtindo wa zamani, volti zikipungua asilimia 10, nguvu hupungua kwa karibu asilimia 19, kwa sababu inafuata mraba wa volti. Kebo ya ekstensheni ya mita 30 yenye waya wa milimita 1.5 za mraba hula zaidi ya volti 14 inapobeba ampea 20. Kwenye laini ya volti 120 hiyo ni asilimia 12 iliyopotea kabla ya kazi kuanza. Fundi hawezi kulaumiwa kwa jiko la jirani. Anaweza kulaumiwa kwa ekstensheni, kwa kuwa hiyo ni katika vyombo.

Mwanafalsafa Immanuel Kant, kwa njia yake, alifika mahali palipo karibu na hapo aliposhikilia kwamba kupaswa kunadai kuweza: hakuna anayewajibishwa kwa lisilowezekana kwake. Kauli hiyo mara nyingi hutumiwa kama udhuru. Fundi aliyeshindwa kuunganisha boriti ya milimita 10 kwa mashine ya ampea 100 anasema haikuwezekana, na ni kweli. Lakini wajibu haukuwa pale kwenye boriti. Ulikuwa kwenye saa ya kupokea kazi, aliposema ndiyo, na kusema hapana kulikuwa ndani ya uwezo wake kabisa. Kanuni ya Kant ikisomwa hivyo haipunguzi lawama. Inaihamisha na kuiweka mahali pake.

Ubishi huu wote ungekuwa mwepesi kama mashine dhaifu ingeshindwa waziwazi. Ingekuwa rahisi kama ingekataa kutoa cheche, au ikaacha pengo linaloonekana. MIG ndogo haifanyi hivyo, na hapa ndipo jambo linapokuwa zito. Kwa volti za chini, tone la waya halirushwi hewani. Waya hugusa dimbwi la chuma kilichoyeyuka, tao la umeme huzimika na kuwaka tena, makumi ya mara mpaka zaidi ya mara mia kwa sekunde. Njia hii ilistawi mwishoni mwa miaka ya 1950, miaka kumi hivi baada ya MIG yenyewe kutengenezwa mwaka 1948 katika taasisi ya Battelle, jimbo la Ohio. Ilipendwa kwa sababu joto lake ni dogo na inafaa bati jembamba. Njia ya manyunyu ya matone madogo, inayozama vizuri ndani ya chuma kinene, inataka takriban ampea 150 hata kwa waya mwembamba wa milimita 0.8, na soketi ya nyumbani haifiki huko.

Matokeo ni kwamba kwenye chuma kinene, MIG ndogo huendelea kuyeyusha waya wake bila shida. Waya ni mwembamba, unayeyuka hata nguvu ikiwa haba. Chuma cha chini ndicho kisichoyeyuka. Mshono unajilaza juu yake, mzuri, wenye mawimbi yaliyopangana, na haujashika. Mafundi husema umeshika juu juu. Kwa mtu asiyejua, mshono huo unapendeza kuliko ule wa mashine ya vijiti vya kuchomelea uliojaa takataka ya juu na ukingo usio sawa, ambao huenda umezama vizuri zaidi. Kwa sababu hii sheria ya ujenzi wa vyuma ya Marekani inayojulikana kama AWS D1.1 haikuingiza njia hii ya kugusa-gusa katika orodha ya taratibu zinazokubaliwa bila majaribio. Anayetaka kuitumia kwenye jengo ni lazima kwanza aithibitishe kwa vipimo.

Kati ya kuweza na kutoweza hapana ukuta. Eubulides wa Mileto, mmoja wa watu wa shule ile ile ya Megara, anatajwa kuwa mwenye fumbo la rundo: punje moja ya ngano si rundo, na kuongeza punje moja hakugeuzi kisicho rundo kuwa rundo, basi rundo linaanza wapi? Chuma cha milimita 3 kinashika kwa ampea 120. Cha milimita 3.1 nacho kinashika, kwani sehemu moja ya kumi haiwezi kuwa na maana. Ukiendelea hivyo utafika milimita 8, ambako hakuna fundi mwaminifu anayesema kinashika. Kila hatua ilikuwa ndogo mno kukataliwa. Hivi ndivyo kazi mbaya nyingi zinavyozaliwa. Ni nadra mtu kuruka kutoka bati jembamba mpaka chesisi ya lori siku moja.

Mwanafalsafa Timothy Williamson, katika kitabu chake kuhusu mipaka isiyo dhahiri cha mwaka 1994, alitetea kwamba mpaka upo kweli, ila haujulikani. Na alitoa sababu yenye thamani kubwa kwa kila kazi ya mikono. Ili mtu aseme anajua jambo, haitoshi jambo hilo liwe kweli. Ni lazima liwe kweli pia katika hali zilizo jirani sana, ambazo hawezi kuzitofautisha na ile aliyomo. Fundi aliye ukingoni kabisa mwa uwezo wa mashine yake huenda amepata mshono ulioshika. Lakini kama volti zingekuwa chini kwa tano, au bamba nene kwa nusu milimita, au mkono wake haraka kidogo, usingeshika, na macho yake yasingeona tofauti. Mshono wake umeshika, lakini yeye hajui kama umeshika. Amebahatika.

Kwa hiyo mipaka ni miwili. Kuna mpaka wa kile mashine inachoweza kufanya, na ndani yake, kwa umbali fulani, kuna mpaka wa kile fundi anachoweza kujua kwamba kimefanyika. Nafasi iliyo kati ya mipaka hiyo miwili ndiyo wahandisi wanaiita akiba ya usalama, na kwa kawaida huelezwa kama kinga dhidi ya mzigo mkubwa. Ni zaidi ya hapo. Akiba ni sharti la ujuzi. Mteja anayenunua geti, ngazi au trela hanunui chuma kilichoshika kwa bahati. Ananunua neno la mtu anayejua. Wajibu wa fundi basi hauhesabiwi kwa ampea za juu kabisa za mashine yake, bali kwa zile ambazo chini yake anaweza kusema bila kusita kwamba kiungo kimeshika.

Kuna anayesema kwamba ujuzi unaweza kuongezwa kwa vipimo, na ni kweli kwa kiasi. Kipande cha majaribio hukatwa katikati, hulainishwa na kupakwa asidi ili mstari wa mwisho wa kuyeyuka uonekane. Kingine hukunjwa kwenye jeki mpaka kifunguke au kikatae kufunguka. Vipimo hivi husema kweli tupu, lakini kwa gharama ya kipande chenyewe: mshono uliojulikana kikamilifu umeshaharibiwa, na ule unaokwenda kwa mteja ni mwingine. Fundi anaupa wa pili sifa za wa kwanza kwa kuwa mashine ni ile ile, waya ni ule ule na mkono ni ule ule. Mwanafalsafa David Hume alikwisha kuuliza, katika karne ya 18, ni haki gani inayomruhusu mtu kuhamisha alichokiona kwenda kwa kile asichokiona. Hakuna jibu kamili. Mionzi ya eksirei haitibu jambo hili kama inavyodhaniwa, kwa maana kutoshika ni utando mwembamba usio na unene wa kutosha kuonekana kwenye picha kama hauelekei mionzi. Mawimbi ya sauti hufanya vizuri zaidi, lakini vyombo vyake haviko katika karakana ya uani. Kinachobaki ni kufanya mshono wa kazi ufanane na wa majaribio kwa kila njia inayowezekana: bamba lile lile, pembe ile ile, kebo ile ile, na saa za siku zenye umeme ule ule.

Dini zimelishughulikia suala la kasoro iliyofichika kwa uangalifu mkubwa. Katika hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim, Mtume Muhammad alipita sokoni, akaingiza mkono ndani ya rundo la nafaka, na vidole vyake vikakuta umajimaji chini ya punje kavu. Muuzaji akasema mvua ndiyo iliyonyesha. Mtume alimuuliza kwa nini hakuuweka unyevu huo juu, watu wauone, kisha akajitenga na mwenye kughushi. Mvua haikuwa kosa la muuzaji. Kosa lilikuwa mpangilio: kikavu juu, kibichi chini. Mshono ulioshika juu juu una mpangilio huo huo, na umeme mdogo una nafasi ya mvua katika udhuru wa fundi. Fiqhi ya Shafii, kama madhehebu mengine, humlazimu muuzaji kubainisha kasoro anayoijua na kumpa mnunuzi haki ya kurudisha bidhaa akiigundua.

Thomas Aquinas, mwanatheolojia Mkristo aliyeandika katika karne ya 13, alitofautisha kasoro iliyo wazi na iliyofichika. Muuzaji wa farasi mwenye jicho moja si lazima aseme, mradi bei iwe ya haki, kwa kuwa mnunuzi anaona. Lakini kasoro isiyoonekana, hasa inayoweza kuleta hatari au hasara, ni lazima itajwe hata kama haikuulizwa. Kati ya mifano yake ni nyumba inayotaka kuanguka kuuzwa kama imara. Mtazamo wake unasaidia kupanga kazi za MIG ndogo. Matone ya chuma yaliyorukia pembeni, mshono uliopinda, rangi iliyoungua: haya mteja anayaona na anaweza kuyakataa. Kina cha kushika hakionekani kwa mtu yeyote, na hapo ndipo ulimi wa fundi unapokuwa na deni. Kuusugua mshono kwa grainda mpaka ukawa laini na kuupaka rangi kabla ya kusema ni kuizika kasoro.

Haitakuwa haki kuuelezea mpaka huu kana kwamba hausogei. Ncha za chuma zikikatwa mshazari, joto linalohitajika kufika chini hupungua, na kiungo cha milimita 5 huweza kujazwa kwa mistari miwili au mitatu, mradi kila mstari uthibitishwe kwa kipande cha majaribio, maana kila mmoja unaweza kushika juu juu kwa zamu yake. Chuma kikipashwa moto kwa gesi kabla ya kazi, hupunguza kunyonya joto. Waya wenye unga ndani, usiohitaji mtungi wa gesi, huzama zaidi kwa ampea zile zile, na kwa kawaida majedwali ya watengenezaji huuruhusu unene mkubwa kuliko waya mtupu. Mashine ya vijiti yenye nguvu ile ile husamehe kutu na unene zaidi. Si ajabu kwamba mageti, grili na matela ya Afrika Mashariki hufanywa kwa vijiti, na MIG hukaa zaidi kwa mafundi wa bodi za magari, ambako udogo wa joto lake ni neema. Njia hizi hazibishani na mpaka. Zinabadilisha masharti ambayo Aristotle alitaka yatajwe, na baada ya kuyabadilisha, uwezo ni mwingine.

Njia moja ni ya namna tofauti, nayo ni kugusa kinga ya umeme yenyewe. Fyuzi ikikatika mara kwa mara, wapo wanaoizungushia waya au kuweka breka kubwa kuliko iliyokusudiwa, na mashine hupata pumzi. Hapa panatakiwa kutenganishwa mipaka miwili inayofanana kwa nje. Chuma kukataa kuyeyuka ni mpaka wa maumbile; hakuna aliyeuweka na hauvunjwi, unaweza tu kuzungukwa. Breka ni mpaka uliowekwa na watu kwa ajili ya watu. Hailindi mashine wala mshono. Inalinda nyaya zilizofukiwa ukutani, ambazo joto lake hukua kwa mraba wa mkondo, kiasi kwamba ampea 26 kwenye waya wa ampea 13 huleta joto mara nne. Mpaka huu unaweza kuvunjwa kwa urahisi kabisa, na ndiyo maana unahitaji dhamiri zaidi kuliko ule wa kwanza. Wenye kulala upande wa pili wa ukuta hawakushirikishwa katika uamuzi.

Fyuzi, zaidi ya hayo, ina ukungu wake. Ile ya ampea 13 huweza kubeba ampea 20 kwa dakika nyingi bila kukatika, na fundi anayeona haijakatika hushawishika kwamba hajavuka. Fumbo la Eubulides linarudi likiwa na moto ndani yake. Kinga haikukusudiwa kumwonyesha mtu mahali hasa hatari inapoanza. Ilikusudiwa kukata pale ambapo hatari imekwisha kuwa ya hakika. Kazi ya kusimama kabla ya hapo imeachwa kwa anayesoma kibao, anayehesabu wati kabla ya kupokea malipo ya awali, na anayemwelekeza mteja mwenye boriti nene kwa fundi wa jirani aliye na umeme wa fezi tatu.